UZI: Mtaro wa maji, bajeti ya kaunti na darasa la Gredi ya 8. Uraia ufunzwe kwa kazi

MwalimuKibos, Kisumu

Wadau, hamjambo. Naleta hoja hii kabla muhula wa pili haujaiva, kwa sababu ukikosa muhula huo umekosa mwaka mzima. Nitaeleza.

Uraia ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi katika mtaala wetu wa Kenya, bega kwa bega na mawasiliano na kufikiri kwa kina. Lakini ingia darasani usikilize: taja ngazi mbili za serikali, taja maadili matatu ya kitaifa katika Kifungu cha 10 cha Katiba. Mtoto anapata alama zote, kisha anatoka langoni anaruka maji machafu, wala hajui maji yale ni kazi ya ofisi gani, wala aulize lini ndipo swali lisikike. Hili linaniuma, maana mtoto huyo ana akili ya kutosha. Hajapewa kazi tu.

Pendekezo langu ni darasa moja lichukue tatizo moja la umma, lililo umbali wa kutembea kutoka shuleni, na lilifuate mpaka mwisho. Hapa Kisumu ningechagua mtaro wa maji ya mvua. Kuanzia Nyalenda hadi Manyatta kila mtu anaujua. Sheria nayo haina utata: Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, linaipa kaunti kazi ya mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Ukichagua madarasa ya shule ya msingi utakwama mapema, kwa sababu hayo ni ya serikali ya kitaifa. Ukimpelekea MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) barua ya madarasa, hana bajeti ya kukujibu nayo. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Sasa kalenda, maana hapo ndipo wengi huangukia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Iweke kalenda hiyo kando ya ya shule. Muhula wa tatu hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, kwa hivyo darasa linaloanza kupima mtaro Septemba limechelewa. Vipimo, hesabu na barua viwe mezani kwa msimamizi wa wadi kabla ya kufunga shule mwanzoni mwa Agosti.

Na kuna jambo la pili. Mpango unaowasilishwa Septemba ni wa mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Gredi ya 8 ya leo, pesa zikitengwa, itakuwa Gredi ya 9 muhula wa pili zinapoanza kutumika, na huenda mkandarasi akaja wakiwa wameshaingia sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12). Kwa hiyo kazi haiwezi kuwa ya darasa moja. Lazima iwe na faili, na faili irithiwe.

Karibuni mpinge.

BabaBahati, Nakuru

Mwalimu, kwa heshima zote, sisi wazazi tunahesabu alama. Nafasi ya Gredi ya 10 inaamuliwa na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, kwa asilimia 60, tathmini ya shule asilimia 20, na KPSEA, ile ya kitaifa ya Gredi ya 6, asilimia 20. Mtoto akizunguka na futi kwenye mitaro, hisabati atasoma saa ngapi? Na kazi atapata wapi baadaye, kwa kujua tarehe za bajeti?

MwalimuKibos

Swali la haki, Baba. Masomo ya Jamii yana vipindi vinne kwa wiki, vya dakika 40. Naomba kimoja tu. Na hisabati iko ndani ya kazi yenyewe: eneo, ujazo, wastani, uwiano. Kiswahili nacho kimo, kwa sababu barua rasmi iko kwenye mtaala. Hata ile asilimia 20 ya shule inahitaji kazi za utendaji zenye ushahidi, na faili nzuri ni ushahidi.

Kuhusu ajira: kusoma waraka wa kurasa 300 na kutoa kurasa mbili zinazokuhusu ni ujuzi unaolipa popote. Lakini sitaki kuificha imani yangu nyuma ya ajira. Hata mtoto ambaye hatapata kazi ya ofisini atalipa ushuru wa soko kila siku ya maisha yake. Anastahili kujua uendako.

FundiMitaro, Kisumu

Hapo kwenye vipimo naomba niwe mkali kidogo, kwa sababu vipimo vibaya vitaangusha barua nzima mbele ya mhandisi wa kaunti.

Kosa la kwanza ni watoto kupima urefu, upana na kina cha mtaro, kuzidisha, kisha kusema "unabeba lita kadhaa". Mtaro si tangi. Cha kujua ni maji kiasi gani yanapita kwa sekunde.

Fanyeni hivi. Chagueni sehemu iliyonyooka ya mita 10, wekeni alama mbili. Pimeni upana wa maji na kina chake mahali patatu, mchukue wastani. Dondosheni kipande cha ubao juu ya alama ya kwanza, mhesabu sekunde mpaka kifike ya pili. Rudieni mara tano. Tuseme upana ni sentimita 40, kina sentimita 15, na ubao unachukua sekunde 20. Kasi ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hivyo zidisheni kwa 0.8. Basi: 0.4 × 0.15 × 0.5 × 0.8 = mita za ujazo 0.024 kwa sekunde, yaani lita 24.

Sasa upande wa mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na mtoto akilishika hilo amefunguka. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48 (pimeni chini, kwenye ardhi inayofunikwa, msipande kupima mteremko wa mabati). Mvua ya milimita 20 inamwaga lita 960 kutoka paa hilo. Nyumba 100 za namna hiyo ni lita 96,000. Ikinyesha yote kwa saa moja, gawanya kwa sekunde 3,600, unapata karibu lita 27 kwa sekunde. Mtaro unapitisha 24. Na hapo hamjahesabu ua, barabara wala njia za miguu.

Kisha chukueni fito, mchome mpaka chini ya matope. Tuseme mtaro ulichimbwa sentimita 40, na matope yamekula 25. Mtaro ukizolewa, hata tukiacha kasi ileile, unapitisha lita 64 kwa sekunde. Hapo darasa limegundua jambo la maana sana: ombi lao la kwanza huenda ni kuzoa matope mara kwa mara. Kujenga upya kunaweza kungoja. Kuzoa ni matumizi ya kawaida na kujenga ni matumizi ya maendeleo, na ni mafungu mawili tofauti ya bajeti. Barua inayoomba kwenye fungu lisilo lake inazunguka maofisini.

Kipimamvua: kopo lenye kuta zilizonyooka, kama la maziwa ya unga. Chupa yenye mabega inadanganya. Liwekwe juu ya kigingi, mbali na miti na kuta, lisomwe saa tatu asubuhi kila siku. Likisahaulika Jumamosi na Jumapili, andikeni jumla ya siku tatu, msizigawe kwa kubuni.

NyaAhero, Kisumu

Fundi umesema vizuri, ila usalama umeupita mbio. Mtoto asiingie kwenye mtaro, kabisa. Ubao udondoshwe kutoka ukingoni, mvua ikiwa imepungua, na watu wazima wawili wawepo. Maji ya mitaro yana kinyesi, na karibu na ziwa kuna kichocho. Fito ya kuchoma matope ishikwe na mtu mzima mwenye glavu na buti. Sabuni na maji safi viwe pale pale. Visisubiri kurudi shuleni. Barua za ruhusa za wazazi zikusanywe wiki moja kabla.

KaraniWaMakadirio, Kakamega

Nimefurahi kuiona kalenda imewekwa mbele. Niongeze ya karatasi.

Kabla ya kuomba lolote, darasa liombe habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi liwe la maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Naomba walimu wasilipite hilo haraka: mtoto anaweza kuandika kwa Kiswahili na ofisi haiwezi kumrudishia barua kwa sababu ya lugha. Kuomba hakulipiwi, unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Halazimiki kueleza kwa nini anataka. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14, mara moja tu, ikiwa habari ni nyingi au inahitaji mashauriano. Barua ikipokelewa 5 Mei, jibu liwe limefika kufikia 26 Mei. Kimya kinahesabiwa kuwa kukataa, na ukikataliwa una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, ambaye ana ofisi Kisumu.

Kinachoharibu maombi mengi ni upana. "Tunaomba habari kuhusu mitaro" haijibiki. Andikeni: orodha ya miradi ya wadi yetu katika mpango wa maendeleo wa mwaka fulani, kiasi kilichotengwa kwa kila mradi, kiasi kilicholipwa mpaka robo ya mwaka iliyokwisha, jina la idara inayosimamia. Vitu vinne, kila kimoja na mwaka wake. Mwalimu au mzazi atie saini pamoja na wawakilishi wa darasa.

Barua ya pili ndiyo ya ombi lenyewe. Ukurasa mmoja. Mahali kamili (kutoka duka gani mpaka kivuko gani), vipimo, nyumba ngapi zinaathirika, ni fungu gani la bajeti, na sentensi moja ya ombi. Chapisheni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inarudi na muhuri wa "imepokelewa", tarehe na saini. Bila muhuri huna barua. Una kumbukumbu tu ya kwamba uliandika.

Na vikao vya kushirikisha umma: watoto wengi hupelekwa, wanakaa nyuma, wanapigwa picha, wanarudi. Kila msemaji kwa kawaida hupata dakika chache sana. Chagueni mmoja, asome mistari mitano, amkabidhi karani wa kikao karatasi. Kinachoingia kwenye ripoti ni karatasi.

MamaMumias, Kakamega

Karani, ahsante kwa hilo la lugha. Mimi ndilo linalonikera zaidi kuliko yote hapa.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ila nyaraka za bajeti zinakuja kwa Kiingereza, mkutano unaendeshwa kwa Kiluhya au Dholuo au Kiswahili, na maamuzi yanarudi tena kwa Kiingereza. Mama wa sokoni anaachwa nje mara mbili. Darasa linaweza kuziba pengo hilo kwa kazi ya wiki mbili: lichukue kurasa za wadi yake peke yake, liandike kwa Kiswahili ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye ukuta wa zahanati na sokoni, chifu akiwa na habari. Walimu wakubaliane kwanza juu ya maneno kama ishirini na wayashikilie: makadirio, mgao, matumizi ya kawaida, matumizi ya maendeleo, robo ya mwaka, mkandarasi, zabuni, salio. Kila kundi likibuni maneno yake, msomaji anachanganyikiwa na kazi inapotea.

Na la pili. Tumeletewa mafunzo ya huduma kwa jamii, na katika sekondari pevu ni ya lazima. Mara nyingi yanageuka kuwa kufagia soko Ijumaa mchana. Kufagia ni kazi njema, sikatai. Harambee ndiyo iliyojenga shule nyingi za nchi hii. Lakini watoto wakifagia kila mwezi bila kuuliza ushuru wa soko unakusanywa na nani na ratiba ya kuzoa taka iko wapi, tunawafunza kubeba mzigo wa mtu mwingine kimyakimya. Fagieni, kisha kaeni chini muulize.

BabaBahati

Mama, hapo umenigusa. Ila nina hofu nyingine, na Nakuru hatuisemi kwa wepesi. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, mzazi akisikia "siasa shuleni" anashtuka. Mtaani kwetu Bahati, Molo, Kuresoi, watoto wa jamii tofauti wako dawati moja. Jambo la bajeti la wadi likigeuka "watu wenu na watu wetu", mtaituliza vipi?

MwalimuKibos

Hofu hiyo ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Tume ya Ominde ya 1964, iliyochunguza elimu ya Kenya baada ya uhuru, iliweka umoja wa taifa mbele kabisa katika kazi za shule, na sababu yake haijazeeka.

Ninayoyajua kuwa yanasaidia: makundi ya kazi yapangwe na mwalimu, yachanganywe, yasijichague. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili hata kama wengi wana lugha moja ya nyumbani, asibaki mtoto pembeni. Vipimo vichukuliwe kwa njia ileile pande zote za mtaro, ili anayelalamika alalamike na namba. MCA aalikwe kama mwenye ofisi, aulizwe maswali yaliyoandikwa na kutumwa kwake siku tatu kabla. Hakuna fulana za chama, hakuna nyimbo za sifa. Na uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, 10 Agosti 2027, kwa hivyo muhula wa pili wa mwaka huo asialikwe mwanasiasa yeyote. Kazi ya karatasi iendelee na msimamizi wa wadi, ambaye ni mtumishi wa umma.

KuraYaHaki, Vihiga

Mmesahau uwanja ulio karibu zaidi: shule yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua baraza la wanafunzi, na mwakilishi wao ana kiti katika bodi ya usimamizi, ingawa hapigi kura. Mahali pengi kiranja mkuu bado huteuliwa ofisini, halafu tunashangaa watoto kuona uchaguzi kama tamasha.

Uchaguzi wa shule hauna gharama kubwa. Shule ya wanafunzi 420, nyadhifa tatu, ni kura 1,260. Karatasi ya A4 hukatwa vipande vinne, kwa hivyo karatasi 315; rimu moja ina 500 na inabaki. Daftari la wapiga kura libandikwe siku saba kabla, mtoto akague jina lake. Kibanda ni leso mbili kwenye kamba. Sanduku ni katoni iliyokatwa dirisha na kuzibwa kwa nailoni ngumu, ionekane tupu kabla ya kura ya kwanza. Kila karatasi igongwe muhuri wa shule nyuma siku ileile.

Hesabu ndiyo darasa lenyewe. Halali + zilizoharibika + zisizotumika = zilizochapishwa. Isipolingana, msitangaze, hesabuni tena mbele ya mawakala wa wagombea. Fomu ya matokeo ijazwe pale pale, mawakala watie saini, nakala ibandikwe mlangoni. Fomu yenye makosa isifutwe kwa rangi nyeupe: pigeni mstari mmoja, andikeni sahihi juu, mtie saini kando.

Kuna mambo mawili yanayoua zoezi hili. Moja ni mwalimu kuchuja wagombea mpaka wabaki wapole. La pili ni baraza kukosa la kuamua. Lipeni jambo dogo lakini la kweli, kama ratiba ya mabomba wakati wa uhaba au mgawanyo wa vifaa vya michezo, na uamuzi wao usipinduliwe bila sababu ya maandishi.

FundiMitaro

KuraYaHaki, hiyo ya mstari mmoja na saini kando ndiyo kanuni ileile ya daftari la vipimo. Watoto wafunzwe mara moja, watumie pote.

NyaAhero

Niulize: simu je? Tangazo la uongo la kaunti linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla la kweli halijachapishwa.

KaraniWaMakadirio

Zoezi la dakika 20, dada. Chukua tangazo lililosambazwa, lichapishe. Watoto waandike: limetoka ofisi gani, lina tarehe na namba ya kumbukumbu, nakala ya asili iko wapi. Kisha mmoja aende au apige simu kwenye ofisi iliyotajwa. Nembo haithibitishi kitu, inakopiwa. Jibu walilopata liwe kwenye faili pia.

BabaBahati

Faili, faili. Nimekubali kazi, naomba kujua faili yenyewe inakaaje, maana mwalimu akihamishwa nayo inaondoka.

MwalimuKibos

Ndiyo maana isikae kwa mwalimu. Faili ya kadibodi yenye chuma cha kufungia, ikae maktaba au ofisi ya naibu. Ukurasa wa kwanza ni jedwali la tarehe: kilichotumwa, kilichopokelewa, kinachosubiriwa. Nyuma yake ni ramani ya mkono, daftari la vipimo, nakala zenye muhuri, majibu, picha zenye tarehe na zisizo na nyuso za watoto. Majina ya wenye nyumba yasiandikwe. Nyumba zipewe namba. Mwisho wa mwaka wanafunzi wawili wa Gredi ya 9 wanawasomea Gredi ya 8 jedwali zima kwa sauti, wanne (wawili wa kila gredi) wanatia saini, na nakala moja anabaki nayo mwakilishi wa wazazi.

Na jibu likija kwamba hakuna pesa mwaka huu, nalo linagongwa tundu na kuingia kwenye faili na tarehe yake. Januari darasa linalifungua, linaangalia kama mtaro umo kwenye mpango uliowasilishwa Septemba, na linaandika tena kabla ya 28 Februari, safari hii likitaja barua ya kwanza kwa tarehe na kuambatanisha mvua za Oktoba hadi Desemba kutoka kwenye lile kopo.